Tumemlimia Celestin, Tumevuna Nini?

Mheshimiwa Diwani, uliyekubali kukaa juani pamoja nasi ingawa kiti cha kivulini kilikuwepo; Ndugu Mtendaji wa Kata; Baba Paroko, Shehe wetu na Mchungaji, ambao leo mmekaa benchi moja kwa sababu ya mpira, jambo ambalo kikao chochote cha kata hakijawahi kuliweza; wazee wa Ilembo na Kasokola; wageni wetu mliotoka Litapunga kwa baiskeli tangu alfajiri, mkiongozwa na mama yetu Séverine; wachezaji wa Nyuki, mlioko kikosini na mliostaafu kwa hiari au kwa goti; na nyie ndugu zetu wa Stesheni, mabingwa wa wilaya, ambao sisi tulisahau kuwaalika lakini harufu ya pilau haikusahau: wote nawasalimu. Wakubwa shikamooni. Wadogo, nasubiri.

Marahaba. Imechelewa, lakini nimeipokea.

Kwa wasionijua, naitwa Mwalimu Generosa, mwenyekiti wa klabu hii ya Nyuki. Nusu ya kikosi nimewafundisha kusoma darasa la kwanza, ndiyo maana hata leo wakiniona pembeni ya uwanja wanachomekea jezi bila kuambiwa. Nimesimama hapa kwa kazi mbili. Ya kwanza ni ya furaha: kumuaga ndugu yetu Celestin, ambaye baada ya fainali ya mwezi uliopita ametundika daluga. Ya pili ndiyo iliyowajaza hapa, msinidanganye kwamba mmekuja kuaga. Leo wanachama wanaamua kwa kunyoosha mikono kama Celestin abaki na awe kocha wetu, au tumpe asante yake aende zake. Na asipobaki, anaondoka kweli. Huko Tabora ameahidiwa kazi kwenye ghala la tumbaku, na amenieleza wazi kwamba mkikataa, atapanda treni inayofuata.

Najua swali mlilonalo. Limeulizwa gulioni, limeulizwa kisimani, limeulizwa hata kwenye msiba, na aliyelianzisha ni Mzee Melkiadi, mlezi wetu na mwanzilishi wa klabu, pale amekaa ameshika fimbo kwa mikono miwili. Swali ni hili: kumrudisha Celestin kulikuwa na faida gani? Ni swali la haki. Nitalijibu, Mzee wangu, ila naomba usinikatize kabla sijafika kwenye fainali, maana huko ndiko unakotaka twende.

Wengi mnakumbuka miaka ya themanini, Celestin akiwa kijana mwembamba kutoka makazi ya wakimbizi ya Litapunga. Alikuja Nyuki akafunga mabao mpaka makipa wa wilaya hii wakawa wanamwamkia kabla mechi haijaanza. Kisha timu moja ya Tabora ikamwona, ikamchukua, na sisi tukabaki kumsikia redioni. Mzee Melkiadi alikuwa akinunua betri kwa ajili hiyo tu. Usitikise kichwa, Mzee, mama wa nyumbani kwako amekaa nyuma yako na anacheka.

Mwaka tisini na tano zikaja habari kwamba Celestin ameachwa na timu yake na anataka kurudi. Kamati ikakaa. Chai ikaisha, maandazi yakaisha, na tulikuwa bado tumegawanyika nusu kwa nusu. Waliotaka arudi walisema jina lake peke yake litawanyima usingizi Stesheni. Waliokataa waliongozwa na Mzee Melkiadi, aliyesema, na hapa nanukuu: "Mke akikuacha akaenda kuolewa Tabora, ukimrudisha anakuja na mapishi ya Tabora." Nikamuuliza, "Na mume je, Mzee?" Akajibu kwamba mume huwa harudi kabisa, kwa hiyo hilo halina mjadala. Palikuwepo pia aliyesema, na jina lake nalisitiri, kwamba mtu wa makazini abaki makazini, Ilembo ina vijana wake. Basi ikabaki kura ya mwenyekiti. Nikasema arudi. Kwa hiyo wenzangu, anayeshtakiwa hapa leo si Celestin peke yake.

Tukaja kwenye suala la kumpa nini. Timu za mjini zinatoa mshahara na chumba cha kulala. Sisi Nyuki tuna majembe. Tukakubaliana kama watu wa huku tunavyokubaliana siku zote mtu anapohitaji mkono: yeye atatuchezea, na sisi tutamlimia. Kila msimu wa kulima, Jumamosi, wachezaji na wanachama watakwenda Litapunga kulima shamba lake. Makofi yakapigwa. Mheshimiwa Diwani, hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa ambalo watu wa mjini wasingeliweza: kamati nzima ya wakulima, watu waliozaliwa wakiwa wameshika mpini, hakuna hata mmoja aliyeuliza hilo shamba liko katika hali gani. Tulipofika Litapunga tukakuta pori.

Nasema pori. Visiki vya miombo vimekaa humo tangu enzi za mababu, na nyasi zinamfunika beki wetu Ng'washi, ambaye mnamjua kwamba akisimama golini kipa haoni mpira. Celestin akatupokea kwa tabasamu na kutuambia kwamba lile shamba la zamani limechoka, mama yake amepewa eneo jipya, na sisi tumefika wakati mzuri. Nawaambieni, siku ile nilisikia watu wa Kasokola wakitukana kwa Kibende na Kifipa maneno ambayo sikuyajua kuwa yapo.

Lakini nimeruka jambo. Sijawaeleza siku aliyoshuka kwenye treni. Mzee Melkiadi, pamoja na kumpinga, alikwenda kumpokea, maana baiskeli yenye kerieri imara ni yake. Treni ikasimama, abiria wakashuka na magunia yao, Mzee akatafuta kijana mwembamba. Hakumwona. Akamfuata mtu mmoja mnene aliyekuwa anahangaika na begi, akamuuliza kwa upole: "Samahani ndugu, humo ndani hukumwacha mchezaji mmoja anaitwa Celestin?" Yule mnene akasema, "Mzee, ni mimi." Inasemekana Mzee Melkiadi alizunguka nyuma ya yule mtu na kumtazama vizuri, kisha akasema, "Sawa, panda. Lakini kwenye vilima utashuka usukume."

Mnacheka. Msimu ule hatukucheka. Celestin alikuwa akikimbia kipindi cha kwanza tu, na hata hicho alikuwa anakikimbia kwa kukikumbuka. Katika misimu miwili yote ametufungia bao moja. Bao lenyewe wote mnalijua: alikuwa amempa mpira kisogo, anamlalamikia mwamuzi, krosi ikampiga kichwani kwa nyuma ikaingia wavuni. Alishangilia akiwa bado hajajua nini kimetokea. Mimi nilishangilia zaidi yake, kwa sababu niliona angalau sasa nina kitu cha kuwajibu watu.

Basi Mzee Melkiadi akafanya hesabu yake, hesabu nyepesi: pori lote lile, bao moja la kisogo. Na ukiipiga hesabu kwa namna hiyo, ndugu zangu, tumepata hasara ambayo haijawahi kuonekana katika kilimo wala katika mpira.

Ila kuna vitu vilikuwa vinatokea Litapunga siku za Jumamosi ambavyo waliobaki nyumbani hawakuviona. Jumamosi ya kwanza tulikwenda kwa kuburutana. Ya pili hali kadhalika. Kufikia ya nne, nikaanza kupokea malalamiko kwamba baiskeli hazitoshi. Kulikuwa na nini? Kwanza kulikuwa na maharage ya Mama Séverine, mama mzazi wa Celestin. Mama, simama kidogo wakuone. Huyu ndiye aliyekuwa anatupokea shambani kwa kutuita "bana banje", wanangu, sote, hata Ng'washi, ambaye ni mkubwa kuliko mlango wake. Wachezaji ambao mazoezini walikuwa wagonjwa kila siku, shambani walipona. Baba Paroko, sitaki kuyaita maharage yale muujiza mbele yako, lakini ulikula na wewe.

Pili kulikuwa na sheria ya Celestin. Mnajua jinsi tunavyolima matuta: kila mtu anashika mstari wake, mwenye nguvu anatangulia, akifika mwisho anakwenda kukaa chini ya mti na kuwacheka waliobaki nyuma. Na ndivyo Nyuki ilivyokuwa inacheza mpira. Kila mtu na mstari wake. Ponsian, mshambuliaji wetu kutoka Kasokola, alikuwa wa kwanza siku zote, kwa jembe na kwa mpira. Anamaliza tuta lake, anatupa jembe, anakaa, anajipepea na kofia. Celestin akamwambia, "Ponsian, bado hujamaliza." Ponsian akamwonesha tuta lake, limenyooka, halina dosari. Celestin akamwambia, "Lako limekwisha. Geuka, anzia huku mwisho kwenye tuta la mwenzako, mpaka mkutane."

Ponsian alikasirika, na alikuwa na haki. Akauliza, mbele yetu sote, "Shamba ni lako, mwenye kitambi ni wewe, na mwenye kurudi kumsaidia mvivu ni mimi?" Celestin alichukua jembe, akaenda mwisho wa tuta la Silvesta, kipa wetu, aliyekuwa wa mwisho kabisa, akaanza kulima kumfuata. Tumbo lile mnalijua. Lilikuwa linamtangulia kila akiinama. Lakini walikutana katikati, Silvesta akanyoosha mgongo akapiga kelele ya furaha, na Ng'washi akaanzisha wimbo wa kulima wa kwao Usukumani. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo sheria: hakuna anayekaa mpaka tuta la mwisho limekutana.

Sasa niambieni nyie mnaojua mpira kuliko mimi. Ni lini Nyuki ilianza kurudi kusaidia mabeki? Ni lini Ponsian alianza kupokonywa mpira mbele na kuufuata mpaka kwenye lango letu, badala ya kusimama na kuinua mikono kama mtu aliyeibiwa? Mlidhani ni maombi? Shehe na Mchungaji wapo, waulizeni kama wanadai sifa hiyo. Tulidhani tunamlipa mchezaji, kumbe kila Jumamosi tulikuwa mazoezini. Timu ambayo kwa miaka yote ilikuwa inatolewa mapema ikafika fainali ya wilaya.

Haya, Mzee Melkiadi, tumefika. Tulia, nakuja.

Fainali, uwanja umejaa, Stesheni wanaongoza kwa bao moja, mechi inakaribia kwisha. Ng'washi anaangushwa kwenye eneo la hatari, na Ng'washi akianguka hata mwamuzi aliye mbali anasikia. Penalti. Uwanja mzima ukaita jina moja: Celestin! Celestin! Hata mimi niliita, mpaka sauti ikakauka. Mtu aliyezipiga penalti Tabora mbele ya maelfu, asiyewahi kukosa, hiyo ndiyo dakika tuliyomlimia pori. Celestin akauchukua mpira. Akatembea nao. Akapita pale pa kupigia, akaenda akaukabidhi mikononi mwa Ponsian.

Mnajua kilichofuata. Mpira ulipita juu ya mwamba, ukapita juu ya watu, na ulipatikana kwenye mihogo ya jirani. Ndugu zetu wa Stesheni, msipige makofi, mmekuja kula.

Siku ile Ponsian hakuzomewa sana, alionewa huruma. Aliyezomewa ni Celestin, kutoka uwanjani mpaka njia panda. "Ametuuza! Kwa nini hakupiga mwenyewe?" Na mimi, mwenyekiti wenu niliyempigia kura, nilimfuata nikamuuliza hivyo hivyo, kwa ukali. Akaniambia: "Mwalimu, ningepiga mimi, ingeingia. Mngebeba kombe. Lakini mimi mwakani simo, na Ponsian angekuwa bado ni mtu anayesubiri mzee wa Tabora aje apige." Nikamwambia afadhali ningesubiri huku nimeshika kombe. Sikuridhika na jibu lake hata kidogo. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikalala nimekasirika.

Kesho yake Ponsian akarudisha jezi. Alimpa mke wake, Emelyne, ailete kwangu ikiwa imefuliwa na kukunjwa, na maneno kwamba hataki tena kuonekana uwanjani. Alikuwa hatoki nje. Akienda shambani anapita njia ya nyuma. Hapo nikaogopa kweli. Kombe ni bati, linapotea na linapatikana. Ponsian ni kijana ambaye alishika kalamu kwa mara ya kwanza mkono wangu ukiwa juu ya mkono wake.

Nikaandaa maneno. Nyie mnanijua, nikiandaa maneno huwa ni marefu. Nikapanda baiskeli mpaka Kasokola, njiani nayarudia kwa sauti, mbuzi wananipisha. Nilipofika kwake Emelyne akanionesha kwa kidole: wako shambani. Nikamuuliza, "Wako? Nani na nani?" Alitabasamu tu, akaniashiria nipite.

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Ponsian alikuwa upande wa huku, ameinama, ananipa mgongo, analima kwa hasira. Na kule mwisho wa tuta lile lile, upande wa porini, alikuwepo Celestin na kitambi chake, analima kuja huku. Emelyne akaninong'oneza kwamba hiyo ni siku ya tatu. Celestin anafika na baiskeli kutoka Litapunga, anasalimia, anaanzia mwisho. Siku ya kwanza Ponsian alimfukuza. Siku ya pili alimnyamazia. Mimi nikasimama pale na hotuba yangu mdomoni. Nikawaona wanakaribiana, wanakaribiana, mpaka majembe yao yakawa yanarusha udongo kwenye miguu ya mwenzake. Ponsian akainuka. Akafuta jasho. Akamwambia, "Ningeipiga chini." Celestin akamwambia, "Mwakani utaipiga chini." Wakahamia tuta la pili.

Nililia, sioni aibu kusema. Kisha nikapanda baiskeli nikarudi na hotuba yangu nzima, haijaguswa. Wiki hiyo hiyo Ponsian akaja kuchukua jezi, akajidai amekuja kuazima baiskeli yangu.

Ndugu wanachama, katika makubaliano yetu ya Nyuki tuliandikiana sisi kumlimia Celestin. Hakuna mahali tulipokubaliana kwamba Celestin atamlimia mtu. Kwa hiyo mkiniuliza kama kumrudisha mchezaji kulikuwa na faida, nitawajibu kwa moyo mweupe: mchezaji, hapana. Kama mchezaji tumepunjwa, na Mzee Melkiadi ana haki ya kudai betri zake. Tulimwita mfungaji, akaja mtu mnene anayechoka. Lakini niambieni, ni kocha gani mtakayempata, kwa pesa zipi, ambaye mchezaji wenu akishindwa atamfuata mpaka nyuma ya nyumba?

Na kuna huyu hapa. Mama Séverine aliingia nchi hii mwaka sabini na mbili, akikimbia mauaji ya Burundi, amemshika Celestin mkono, akiwa mtoto wa miaka kumi, na kila kitu kingine kikabaki ng'ambo. Kisha Tabora ikamchukua huyo mmoja. Sasa yupo, na mama huyu hajaniomba niseme jambo lolote, wala hana kura hapa. Anangoja tu kusikia mtakavyosema. Nimeona niwaambie, ili mtakapoinua au kuacha kuinua mkono mjue unamgusa nani.

Basi sitaongeza. Wanachama wanaotaka Celestin awe kocha wa Nyuki, naomba mikono juu.

Ponsian, umekuwa wa kwanza, asante, lakini mkono mmoja unatosha, shusha huo mwingine. Ng'washi, wa kwako tunauona hata ukiwa umekaa. Silvesta. Emelyne. Kasokola, naona. Ilembo, naona, naona, huko nyuma pia. Nyie wa Stesheni shusheni mikono, hamna kura hapa, ingawa moyo wenu tumeuona.

Mzee Melkiadi. Fimbo umeishika kwa mikono miwili tangu nimeanza. Sikulazimishi, Mzee wangu, kura ni yako, na wengi wameshainua, huhitajiki ili yeye apite. Lakini nakusubiri, kwa sababu mimi ninakuhitaji.

Ameiweka chini. Jamani, ameiweka chini fimbo, na mkono uko juu.

Wageni wetu wote, nawashukuru kwa kuja na kwa kunivumilia mpaka neno la mwisho. Mama Séverine, treni inaondoka bila yeye. Mwanao yuko nyumbani.